Beki Kaunawa

Fundi cherehani waliyembandika jina la Msemaji hakukosa la kusema. Tangu asubuhi alikwishafukuza makocha wawili, akamshauri mwimbaji mmoja apumzike, akawapatanisha marais wa mataifa makubwa, na suruali ya mteja bado haina mguu wa pili.

Sasa alikuwa kimya. Kwenye televisheni ya dukani, dakika ya tisini, beki wa timu yake aliunawa mpira ndani ya boksi. Wateja hawakuona. Msemaji aliona. Mguu wake ukaganda juu ya pedali, sindano ikabaki imezama kitambaani.

Kwa mara ya kwanza maishani aliomba filimbi ilie dhidi ya timu yake.

Ikalia. Mwamuzi, msichana mwembamba, akaonyesha alama ya penalti. Wachezaji wakamzonga wakimfokea. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

“Tumeonewa!” mteja mmoja mgeni akaruka. “Huyu refa kafundishwa mpira na nani?”

Msemaji akasimama, jezi ya timu kifuani, utepe wa kupimia shingoni.

“Na mimi,” akasema. “Baba yake.”