Ngoma ya Mzee Peke Yake

Leonard, fundi wa vyombo vya sauti, aliinua mkono, na kwaya nzima ya Kinampanda ikanyamaza.

"Sasa nataka ngoma ya mzee peke yake," alisema.

Wiki nzima mzee, mpiga ngoma mkongwe wa kwaya, alikuwa amekataa kuwekewa maiki. Leonard ndiye aliyeng'ang'ania. Asubuhi hiyo aliipitisha mwenyewe kwenye tundu la chini la ngoma, akaifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ili siku ya sikukuu ya mavuno ngoma isikike mpaka barabarani.

Mzee akapiga.

Spika hazikutoa mdundo. Zilitoa mkwaruzo, kama panya kwenye gunia la mtama. Leonard akadhani waya umelegea, akaongeza sauti. Mkwaruzo ukajaa kanisa lote, na ndipo alipoitazama mikono ya mzee. Ilikuwa inatetemeka juu ya ngozi ya ngoma, kucha zikigusa tu, viganja havina nguvu ya kushuka.

Wapiga ngoma wenzake wawili walikuwa wameinamisha vichwa. Hawakushangaa. Leonard hakujua ni miaka mingapi walikuwa wakipiga kwa nguvu ili kuuficha udhaifu wake.

Leonard akapunguza sauti.

"Samahani, mzee," alisema haraka. "Maiki imekufa. Tupige tu kama zamani."

Mzee aliilaza ngoma mapajani taratibu, akausogeza mdomo kwenye lile tundu la chini.

"Haijafa, mwanangu," spika zote zikasema.