Nyumba ya Hondohondo

Tangu wanyama watoweke msituni, kila nyumba huku Upareni hushika kazi ya mnyama mmoja. Nyumba ya akina Namkunda ni ya hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa: unakula tunda, unabeba mbegu mdomoni bila kusema neno, unaenda kuitema mbali.

Kesho Namkunda anaolewa nyumba ya kima, na mke hufuata mnyama wa mumewe. Mama yake atabaki peke yake.

“Walafi wale!” mama alimtania wakipanda mlima. “Wanatema palepale chini ya mti. Usije ukaiga, mwanangu.”

“Siigi, mama. Hebu niambie tena walivyokuwa wakiruka hondohondo wenyewe.”

“Mbawa zilivuma, utadhani mtu anapepeta mahindi juu ya paa. Bibi yako akisikia, anasema, haya, wenye msitu hao wanapita.”

Walifika kwenye mti wenye matunda, wakala. Mama akajikanda magoti, akatia mbegu mdomoni.

“Nikishaondoka,” Namkunda akauliza, “na magoti yako hayo, nani atazifikisha mbali?”

Mwenye mbegu mdomoni hasemi. Mama alimshika mkono, akainua uso juu, akatega sikio kama anayesubiri wageni waliochelewa.