Mgeni wa Shemsa

Mgeni alifika bila taarifa, begi mgongoni na samaki wabichi mkononi.

"Hodi! Dada, ndiyo kwa Shemsa hapa? Nimeambiwa anapangisha nyumba yenye jiko, karibu na makumbusho na soko la vyakula."

Kidawa aliinuka barazani. Yeye pia alipangisha, na jiko lake lilikuwa jipya. Lakini mwezi mzima hakupata mtu, huku kwa jirani yake Shemsa hapakauki wageni. Wanampendea nini yule? Mapazia?

"Kwake ni pale mbele. Amekwenda kumuuguza mama yake," alisema. "Ila karibu uone na kwangu."

Mgeni aliingia, akafungua kabati la vyombo, akaigusa mbuzi ya kukunia nazi.

"Pazuri! Basi si nibaki hapa hapa?"

Moyo wa Kidawa uliruka. Halafu akamkumbuka Shemsa juzi, mguu mmoja garini, akimkabidhi ufunguo: "Akija mgeni wangu mfungulie, shoga. Sina mwingine." Naye alijibu, "Nenda salama, nitamfungulia."

"Hapana," alisema, akauchukua ufunguo. "Wewe ni mgeni wa Shemsa. Twende."

Alimfungulia, akamwashia jiko. Mgeni alizunguka vyumbani akishangilia kila kitu, hata mapazia. Kidawa aliyavuta kwa nguvu kupita kiasi, akafungua dirisha.

Ng'ambo ya njia aliiona nyumba yake. Kutoka huku ilipendeza ajabu, mlango wake ukiwa wazi.