Vitambaa vya Ngedere

Zamani hizo wanyama walipokuwa wakiozeshana kwa heshima, Bi Kwale alikuwa akimwoza binti yake. Alimfunga kila msaidizi kitambaa mkononi: chekundu cha jikoni, cheupe cha vyombo, kijani cha kupokea wageni. Nungunungu akawekwa ukumbini, penye milango yote, atazame vitambaa.

Ngedere alikuwa na kijani. Iliponukia pilau, akajipeleka jikoni.

"Kijani hakiingii huku," akasema Nungunungu.

"Kwani mimi si shemeji yako?"

"Ushemeji tumeuacha nyumbani, shemeji. Hapa natazama mkono."

Ngedere akamlilia Bi Kwale mpaka mama wa watu akachoka, akamfunga vyote vitatu, kisha akaingia chumbani kumsinga bibi harusi. Ngedere akawa anapita kila mlango, mkono juu, utadhani anayeolewa ni yeye.

Lakini hata ukoko hakuulamba. "Wewe mwenye chekundu, pilau haijapaliwa makaa." "Mwenye cheupe, sahani ziko wapi?" "Wa kijani, wageni wamesimama." Wenzake wakaketi kula, yeye anasugua masufuria.

Akamwendea Nungunungu, anatweta. "Shemeji, nifungulie hivi viwili, nikawahi sinia."

"Kufunga na kufungua ni kwa Bi Kwale peke yake."

"Basi nipishe nimfuate chumbani."

Nungunungu akautazama ule mkono, kitambaa kimoja kimoja, taratibu.

"Cha chumbani hukuomba, shemeji."