Pikipiki ya Kuvukia Mpaka

Pikipiki za umeme zilijizima zenyewe kwenye mpaka wa wilaya kama mpandaji hakuwa na kibali. Ambakisye alinyimwa kibali, na mama yake alikuwa mahututi ng'ambo ya pili, kwa hiyo akaifufua pikipiki ya petroli aliyoachiwa na marehemu baba yake.

Iliwaka vizuri, lakini ikawa inakata moto njiani bila sababu. Alibadilisha plagi. Alipima koili ikiwa baridi, akaipima ikiwa ya moto, akakuta cheche nzima. Asubuhi moja aliiacha ikinguruma uani, akageuza usukani kushoto taratibu. Injini ikakohoa. Akaunyoosha upesi, ikatulia.

Akabandua utepe uliofunika nyaya nyuma ya taa. Waya wa koili ulikuwa umechanjwa kwa wembe, zimebaki nyuzi chache za shaba.

Mkewe, Sekela, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba Lusajo. Ukivuka bila kibali, sisi huku tunafungiwa maji. Umesahau yaliyowapata kina Tumpe? Walimzika mtoto."

"Mama ananiita, Sekela."

"Najua."

Ambakisye aliushika tena ule waya. Kisha akauunga, akaufunga utepe, akageuza usukani kushoto na kulia. Injini haikukohoa tena.

Aligeuka amuage, lakini Sekela alikuwa ameshaingia ndani. Alimsikia akikinga maji, ndoo baada ya ndoo, halafu masufuria, halafu vikombe.