Ukumbi wa Watu Wawili

Mshereheshaji aliingia kwa daktari wa magonjwa ya akili, mkono wa kushoto umefungwa bendeji, akauliza kipaza sauti kiko wapi.

Hakikuwepo. Kulikuwa na meza, daktari mwanamama mwenye miwani, na dada mkubwa wa mshereheshaji, aliyemleta. Watu wawili tu. Si neno, alijisemea. Amewahi kuchekesha mtu mmoja, tena amesinzia.

“Mkono huo umeuumiza wewe mwenyewe,” daktari alisema. “Leo tuamue: tukulaze wodini, au urudi nyumbani na dada.”

“Mnilaze mimi? Daktari, mimi nakoroma. Wagonjwa wenu watapona kwa hasira.”

Daktari akauma mdomo. Mshereheshaji akamwona. Kazi yake ndiyo hiyo, kutafuta uso mmoja unaoanza kulegea na kuung’ang’ania mpaka ukumbi mzima ufuate.

Basi akajianika. Suti yake ni moja, na imehudhuria harusi nyingi kuliko mpiga picha yeyote. Ameozesha mji mzima, yeye mwenyewe hana hata wa kugombana naye. Siku moja alimtangaza mama mkwe kuwa ndiye bibi harusi, na mama mkwe akainuka akapunga mkono.

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu Jumamosi hakuwa amecheka wala kulala. Alimpenda mdogo wake, na wodi ile aliiogopa sana.

“Ndiye huyu huyu, daktari,” alisema. “Nyumbani hatukai bila kucheka. Yale yalikuwa ya shetani tu.”

Daktari naye alivua miwani, akajifuta machozi.

“Haya. Nilishaamua kumlaza, lakini mtu mchangamfu hivi nitamlaza kwa lipi? Mchukue, dada. Nimwone kliniki wiki ijayo.”

“Alhamdulillahi,” dada alisema, akabeba mkoba wake. Daktari akasimama kuwafungulia mlango.

Mshereheshaji hakuinuka. Alibaki kitini, tabasamu likimtoka usoni taratibu.

“Twende basi, mdogo wangu.”

“Nilazeni,” alisema. “Jumamosi ukumbi mzima ulicheka hivi hivi. Nikawaaga, wakanipigia makofi, nikaenda kujiumiza.”