Karibu na Maji

Siku ya kupimwa, Kirimi aliamka akachimba mfereji. Alitaka maji ya Mto Isiolo yafike hadi chini ya meza zake za nyama choma, asije mtu akasema yuko mbali.

"Mto umekuja wenyewe," aliwaambia majirani, matope yakiwa magotini. "Mimi nimeupokea tu."

Ivy alifika saa tatu, amevaa jaketi ya kijani ya ofisi ya serikali, kamba ya kupimia mkononi. Katika kila kibanda aliuliza jina la hoteli, akavuta kamba hadi ukingoni, akaandika.

"Tunaandika hoteli zilizo karibu na maji," alimwambia kila aliyeuliza. Zaidi ya hapo hakusema kitu.

Hakuhitaji kusema. Tangu uwanja mpya wa ndege ufunguliwe, mji ulikuwa ukingoja wageni. Kirimi alishawaeleza wote kwamba hiyo ni orodha ya watalii, wale wanaopenda kula samaki huku wakitazama mto. Bisharo, muuza chai ya maziwa ya ngamia, alisukuma benchi lake mpaka miguu yake miwili ikasimama majini.

Nakolong hakusukuma kitu. Hoteli yake ilikuwa juu, kwenye mwinuko, pahali alipopachagua marehemu Wangui mwaka ule walipoanza kupika pamoja, Mturkana na Mkikuyu, watu wakisema hawatamaliza mwezi. Walimaliza miaka kumi na mmoja. Wangui ndiye aliyeandika kibao kwa mkono wake: HOTELI YA IVY. KARIBU. Alipofariki, binti yake Ivy alikuwa kidato cha pili, na Nakolong akamlea. Meza ya nyuma bado ina alama za kalamu ya Ivy.

Kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Ivy alipanda mwinuko, akanywa chai yake, kisha akafunga daftari.

"Hunipimi?"

"Hapana, tata." Alimwita hivyo tangu utotoni, kama Wakikuyu wanavyowaita shangazi zao. "Wewe uko mbali."

"Mbali na nani?"

Ivy alitazama ndani ya kikombe. "Kaa tu hapa mama alipokuweka. Tafadhali. Na usiniulize."

Kirimi alipopata habari alicheka hadi akakaa chini. "Mama Ivy, mteja akitoka mtoni kuja kwako si atafunga mizigo kama mtu anayeenda Garbatulla?"

Wote walicheka. Nakolong pia alicheka, lakini siku hiyo hakuonja hata chapati yake mwenyewe. Hoteli ina jina la yule mtoto. Mtoto amepita kwenye vibanda vyote, vya watu wasiojua hata alisoma wapi, akaviandika, akafika kwao akafunga daftari.

"Ameona haya," alimwambia Bisharo. "Amepata jaketi. Sasa jina lake likikaa kwenye mabati yenye kutu, linamwaibisha."

"Watoto ni hivyo," Bisharo alisema. "Mwache."

Hakumwacha. Kesho yake alimwita Kirimi na wanaume wawili wa mtaa wa Bulla Pesa, wakang'oa mabati, wakang'oa nguzo nne ambazo Wangui alizishindilia kwa miguu yake.

"Una hakika?" Kirimi aliuliza, safari hii bila mzaha. "Huku juu ulikuwa umekaa vizuri."

"Beba."

Kufikia Alhamisi hoteli ilikuwa imesimama upya. Mtu akikaa benchi la mwisho, akiteremsha mkono, vidole vinalowa. Kibao aliking'arisha kwa kitambaa, akakipigilia mahali pa kuonekana.

Kisha akapiga simu ofisini mwenyewe. Hakumtafuta Ivy. Alimtafuta mkubwa wake, Ndegwa, na Ndegwa akaja bila kukawia. Alipima, akapima tena, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Asante kwa kutuita, mama. Hii hatukuwa nayo kabisa."

"Nilijua mmesahau."

"Tia sahihi hapa, kwamba kipimo ni cha kweli. Jumatatu tutakuja kwenu nyote."

Nakolong alitia sahihi upesi, kabla hajabadilisha nia.

Jumapili simu ya Nakolong iliita mara nne, ni Ivy. Alipotoka kanisani iliita mara ya tano. Nakolong alitazama jina likiwaka na kuzima, akaigeuza simu kifudifudi. Na yeye aonje, alisema moyoni, namna mtu anavyopitwa.

Jumatatu kila mtu wa mtoni alivaa nguo safi. Kirimi alifunga tai. Nakolong alitandika kitambaa cheupe ambacho Wangui alikuwa akikiweka kwa ajili ya Krismasi, akakaanga samaki wa kwanza, akampanga kwenye sahani na limau pembeni.

Saa nne mngurumo ulisikika upande wa barabara.

"Wageni!" Kirimi alipaza sauti. "Hilo ni basi kubwa, sikieni!"

Walijipanga pembeni mwa njia, wakitabasamu.

Aliyetangulia alikuwa Ivy, mbio, bila jaketi. Hakuwatazama. Alipanda moja kwa moja hadi kwenye mwinuko, akafika kwenye yale mashimo manne ya nguzo, akasimama katikati yake, mikono kichwani.

Nyuma yake miti ilitikisika, na tingatinga la manjano likateremka taratibu, koleo lake likiwa limeinuliwa. Ndegwa alitembea kando yake na karatasi mkononi, akisoma kwa sauti ili dereva asikie. Nyama Choma ya Kirimi, mita tatu. Chai ya Bisharo, mita moja.

"Na hii ya mwisho," alisema, akimtafuta mwenyewe kwa macho. "Hoteli ya Ivy, mita mbili. Mama, toa sufuria zako."